Alfajiri moja, miguu miwili: Kakamega, Dunga, Saiwa au Menengai?

Ukivuka mpaka kwa Sirari au Busia ukiwa na asubuhi moja tu ya kutembea porini, mwenyeji atakuuliza kwanza unalala wapi. Ana sababu. Katika pembe hii ya Kenya, saa moja ya kwanza ya mwanga ndiyo inayobeba karibu kila kitu ulichokuja kuona. Mahali pawe pazuri vipi, pakiwa mwendo wa saa mbili kutoka kitandani kwako, utafika ndege wamekwisha nyamaza na wanyama wamerudi vichakani. Kwa hiyo chagua matembezi na malazi kwa pamoja, na ikibidi kimoja kimfuate mwenzake, malazi ndiyo yatangulie.

Tunalinganisha sehemu nne: msitu wa Kakamega, kinamasi cha mafunjo cha Dunga kando ya Kisumu, Hifadhi ya Taifa ya Saiwa karibu na Kitale, na ukingo wa Menengai juu ya Nakuru. Hifadhi ya Ziwa Nakuru tumeiacha makusudi, ingawa wageni wengi huiulizia. Mle unatembezwa na gari, na unashuka tu sehemu chache zilizoruhusiwa.

Vigezo ni hivi: ugumu wa kufika kabla ya jua, hali ya njia na miguu inayohitajika, kinachoonekana na saa yake, mambo yanayoharibu asubuhi, na malipo.

Neno kwanza kuhusu jua lenyewe. Kisumu na Kakamega jua huchomoza mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:20 asubuhi, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, kama saa 12:50. Nakuru hutangulia kwa dakika tano hivi. Mwanga wa kuona unapokanyaga hutangulia jua kwa dakika 20. Aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam atashangaa kukuta bado kiza saa kumi na mbili, kwa kuwa huku jua huchelewa kwa takriban dakika 20 ukilinganisha na pwani. Piga hesabu zako kwa jua la huku.

Kufika kabla ya jua

Dunga ndiyo nyepesi kuliko zote. Kutoka katikati ya Kisumu, tuktuk au boda hupitia Milimani na kuteremka hadi ufuoni kwa dakika 15 hadi 20. Patana na dereva jioni, chukua namba yake, na mpigie kabla hujalala. Ukitoka hotelini saa kumi na moja na nusu, umefika kwa wakati.

Menengai nayo iko karibu. Barabara inapanda kutoka Nakuru mjini kupitia mitaa ya juu na msitu wa kupandwa hadi ukingoni, na boda haihitaji nusu saa. Shida ni kurudi. Huko juu alfajiri hakuna steji, kwa hiyo mwenye boda akubali kabisa kukusubiri au kurudi saa mliyoagana, na nauli ya kurudi usiilipe mapema.

Saiwa inataka ulale Kitale au, vizuri zaidi, karibu na hifadhi yenyewe. Ukitumia matatu, panda za kwenda Kapenguria, shuka njia panda ya Kipsaina, kisha boda hadi langoni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili, yaani kabla ya jua, na hilo ni jema: ratiba ya serikali haikunyimi mwanga.

Kakamega ndipo wengi hukosea. Msitu ni mmoja lakini una milango miwili yenye wenyewe tofauti. Kusini ni Isecheno, chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya kitaifa tangu 1985, chini ya Huduma ya Wanyamapori. Tiketi ya huku haifai kule. Kwenda Isecheno unashukia Khayega, kabla ya mji wa Kakamega ukitokea Kisumu, kisha boda kupitia Shinyalu. Kwenda Buyangu unapita mji, unashika barabara ya Webuye, na kushuka njia panda ya Kambiri. Kutoka Kisumu mjini ni kama kilomita 50, na kwa karatasi inaonekana kazi ndogo. Kwa matatu haiwezekani kufika kabla ya jua, na kwa gari binafsi ni kuondoka saa kumi usiku, na kipande cha mwisho kina matope ambayo gari dogo huyapigia magoti baada ya mvua. Lala pembeni mwa msitu. Kuna nyumba za wageni, mabanda na sehemu za kupiga hema pande zote mbili. Kama huwezi kulala huko, tunaona ni heri uende Dunga na uiweke Kakamega kwa safari nyingine.

Njia na miguu

Ndani ya Kakamega njia kuu ni tambarare, na asubuhi nzima ya kuangalia ndege inaweza isizidi kilomita tatu. Kinachochosha ni kusimama na shingo kuangalia juu, na utelezi. Udongo ule ukilowa hushika soli hadi kiatu kinakuwa kizito maradufu. Mabuti ya mpira ya kufika chini ya goti, yale ya wakulima, yanashinda viatu vya mlimani vya bei ghali. Mara nyingi mvua huwa imenyesha mchana uliotangulia, kwa hiyo majani yanalowesha suruali hata anga likiwa safi. Kuna pia mlima Lirhanda upande wa Isecheno, ambao watu huupanda kuangalia jua likitoka. Mnatoka saa kumi na moja alfajiri na tochi, na mwisho wa njia ni mkali lakini mfupi.

Dunga haina mlima wala tope kama unabaki kwenye njia ya mbao iliyojengwa kati ya mafunjo. Mzee mwenye goti bovu na mtoto wa miaka sita wanaiweza. Sehemu ya pili ya asubuhi kwa kawaida ni boti, na hapo kinachohitajika ni utulivu wa kukaa.

Saiwa ni hifadhi ndogo, kama kilomita tatu za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Magari hayaingii kuzunguka, ni miguu tu. Njia inafuata kingo za kinamasi, inavuka kwa madaraja ya mbao, na kuna majukwaa ya kupanda kwa ngazi. Mbao zikiwa na umande huteleza, na asiyependa ngazi ndefu hatafaidi.

Menengai ina sura mbili, na watu huzichanganya. Kutembea ukingoni ni matembezi ya kawaida kwenye hewa ya mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Kushuka ndani ya shimo ni jambo jingine kabisa. Shimo lina urefu wa kilomita kama 12 kwa 8, na sakafu iko mita mia nne na ushei chini ya ukingo. Njia ya kushuka ni ya mawe yanayoporomoka. Chini kuna lava nyeusi yenye makali, iliyoganda kwa mabonge na nyufa zilizofunikwa na vichaka vya leleshwa. Raba za mjini zitachanika. Vaa viatu vyenye soli nene, beba maji lita tatu kwa kila mtu kwa sababu chini hakuna ya kunywa, na uwe umeanza kupanda kabla ya saa nne, kwani jiwe jeusi likishika joto hulirudisha usoni mwako.

Kinachoonekana, na saa yake

Kakamega ndiyo tajiri. Ni kipande cha mashariki kabisa cha ule msitu wa mvua wa Afrika ya kati, kwa hiyo humu mna viumbe ambavyo Kenya haina kwingine. Asubuhi ina mpangilio wake. Kabla hujaona chochote, mbega dume huanza kunguruma juu ya miti, mmoja akijibiwa na mwingine wa kundi la jirani. Jua likigusa vilele, mbega wale wale hukaa wazi kwenye matawi ya juu kuota joto, na huo ndio wakati pekee rahisi wa kuwatazama vizuri. Hondohondo wakubwa utawasikia kabla ya kuwaona: mbawa zao hupiga mvumo unaokufanya uinue kichwa. Shorobo mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, hapigi mbawa sana. Hukimbia juu ya tawi, anajitupa, anaelea hadi mti wa pili. Ukipata mkuyu wenye matunda, usitembee tena. Simama pale dakika 40, maana kima na tumbili wenye mkia mwekundu watakuja mezani hapo hapo.

Ndege wadogo husafiri kwa makundi yaliyochanganyika. Kwa dakika kumi hakuna kitu, kisha kwa dakika tatu mti mmoja umejaa aina nane. Hapa darubini ya 8x42 ni bora kuliko ya 10x42, kwa sababu inaona eneo pana na haitetemeki sana unapoilenga juu. Kuanzia saa mbili na nusu makelele hupungua na ndege hupanda kwenye vilele. Hapo zamu ni ya vipepeo, ambao hawaamki hadi jua lishike njia. Kwa hiyo aliyechelewa Kakamega hapotezi yote. Pale Lirhanda kuna pia handaki la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, lenye popo.

Dunga hutoa aina chache zaidi, lakini chache hizo ni za mafunjo tu, na huzipati msituni. Anayewindwa na kila mtu ni gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano. Tatizo ni kwamba Kisumu kuna ndugu yake anayefanana naye mno, mwenye kichwa cheusi tii, na huyo hukaa hata kwenye ua la hoteli. Wengi hurudi nyumbani wakidhani wamemwona wa kinamasi. Angalia utosi, si kifua. Wawili, dume na jike, huitikiana kwa sauti ndani ya mafunjo, na mara nyingi utawasikia mara kumi kabla ya kuwaona mara moja, wakipanda bua kwa sekunde chache jua linapoanza kukausha umande. Zaidi ya hao kuna mdiria, furukombe na korongo bila kutafutwa. Wavuvi waliokesha na taa wakitafuta omena huwa wanarudi saa hizo, na biashara ya samaki ufuoni ni sehemu ya asubuhi.

Mpiga picha ajue kwamba akiwa botini akiutazama ufuo, jua linakuwa mbele yake. Njia ya mbao humpa mwanga mzuri zaidi.

Saiwa ni ya mnyama mmoja. Nzohe ni swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Akishtuka huingia majini na kubakisha pua. Dume ana pembe zilizojisokota na rangi ya kahawia iliyokoza, jike hana pembe na ni mwekundu zaidi. Hutoka kulisha kingoni alfajiri na jioni, na joto likianza hulala ndani ya matete. Mbinu ni kupanda jukwaa kabla jua halijatoka, kukaa, na kunyamaza kwa dakika 45 nzima. Anayezunguka kutoka jukwaa moja hadi jingine akitafuta bahati huwatimua kwa mlio wa mbao. Ukimaliza kukaa, ndipo utembee ukitafuta korongo taji na kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa.

Menengai usiiendee kwa ajili ya wanyama, ingawa pimbi wapo miambani. Unaiendea ardhi yenyewe. Ukisimama ukingo wa kusini ukitazama shimoni, jua huchomoza kuliani kwako, na kwa muda mrefu ukuta wa mashariki hutupa kivuli ndani huku ukingo wa pili umeshang'aa. Mvuke wa jotoardhi huonekana vizuri zaidi hewa ikiwa baridi, na mitambo ya kuuchimba iko humo humo chini. Nyuma yako ni mji na Ziwa Nakuru. Lava kule chini ina vipande vinavyong'aa kama chupa.

Kinachoharibika

Menengai adui wa kwanza ni ukungu: shimo zima linaweza kujaa weupe hadi saa tatu, na huwezi kujua kabla hujafika. Wa pili ni kupotea. Chini kwenye lava kila upande unafanana, simu hukosa mtandao, na watu wamewahi kutafutwa usiku. Usishuke bila mwongozaji. Wala usikae ukingoni peke yako na kamera shingoni alfajiri, hilo ni shauri la kila mkazi wa Nakuru. Baridi pia: nyuzi 10 na upepo si jambo la fulana.

Kakamega kuna siafu. Wakivuka njia huwaoni kwenye kiza, na utajua ukiwa nao tayari magotini. Suruali iingie ndani ya soksi, na ukianza kuumwa, kimbia mita 20 mbele kabla ya kujikung'uta. Ukisimama kujikung'uta hapo hapo unaongeza wengine. Nyoka wapo, wakiwemo wale bafe wanene wanaofanana na majani makavu, kwa hiyo usitoke njiani na usikalie gogo bila kuliangalia. Mwombe mwongozaji asicheze sauti za ndege kwenye simu kila baada ya hatua mbili. Ndege huchoka, na wenzako pia.

Dunga, kiboko. Alfajiri ndiyo saa anayorudi majini baada ya kulisha nchi kavu, na mtu aliyesimama kati yake na maji ndiye anayeumia. Usitembee ufuoni peke yako kukiwa na kiza. Botini, koti la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa, lisiwe la kukaliwa. Asubuhi ziwa huwa tulivu kwa sababu upepo unatoka nchi kavu; mchana unageuka, na mawimbi huja, basi boti iwe imerudi kabla ya saa nne. Gugumaji linaweza kufunga njia ya boti usiku mmoja. Maji ya ziwa yalipopanda 2020 na tena 2024, ufuo ulifurika, kwa hiyo piga simu jana yake uulize kama njia ya mbao inapitika. Miguu usiitie majini kwa sababu ya kichocho, na dawa ya mbu ipakwe hata alfajiri, huku Dunga na kule Kakamega pia.

Saiwa haina makuu: umande, utelezi, na kelele za wageni wengine.

Kwa msimu, Desemba hadi Februari ndiyo mikavu kote. Aprili na Mei ni mvua nzito, na Kakamega hunyeshewa tena Agosti na Septemba. Nafuu ni kwamba upande wa magharibi mvua nyingi hushuka baada ya adhuhuri. Asubuhi huwa yako.

Malipo

Saiwa na Buyangu ni hifadhi za serikali: hulipi kwa pesa taslimu langoni, unalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa M-Pesa au kwa kadi. Fungua akaunti na ulipe usiku, ukiwa na mtandao. Viwango hutofautiana kwa uraia, na raia wa Afrika Mashariki hulipa nafuu kuliko mgeni wa mbali, ila aonyeshe pasipoti au kitambulisho. Bila hicho utatozwa cha juu.

Isecheno na Menengai kuna ada ya msitu, na mwongozaji analipwa kivyake. Dunga ndiyo yenye mapatano zaidi. Uliza jambo moja kabla ya kupanda: bei ni ya boti au ya kila kichwa? Na ni ya saa ngapi? Ugomvi mwingi wa ufuoni huanzia hapo. Kwa wawili boti huonekana ghali, kwa sita ni rahisi sana.

Kokote uendako, chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fukwe za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa yako.

Nani aende wapi

Una usiku mmoja Kisumu, labda kwa kazi au harusi, na saa tano unatakiwa mahali: Dunga, bila kufikiri mara mbili. Saa tatu unaweza kuwa umeoga na umekula samaki. Hali kadhalika ukiwa na wazee au watoto wadogo.

Una usiku mbili na hamu ya ndege, nyani au miti: Kakamega, usiku wote miwili pembeni mwa msitu. Anayefika mara ya kwanza achague Isecheno kwa sababu waongozaji ni wengi na Lirhanda iko karibu. Anayetaka utulivu na wageni wachache aende Buyangu. Kama miguu yako inachukia tope, au una hofu ya siafu isiyotibika, usijilazimishe.

Unapanda kuelekea Kitale, Mlima Elgon au Turkana: Saiwa iko njiani au jirani, na inamfaa mtu mvumilivu kuliko mtu mwenye nguvu. Vijana wanaotaka kutoa jasho wataichoka kwa nusu saa.

Unapita Nakuru kutoka au kwenda Nairobi na hujali ndege: Menengai. Mwenye saa mbili abaki ukingoni. Mwenye asubuhi nzima, viatu, maji na mwongozaji ashuke. Kundi la marafiki wanne au watano ndilo linalofaa, kwa usalama na kwa kugawana gharama.

Ukiwa na asubuhi mbili na gari, Dunga na Kakamega zinakwenda pamoja vizuri kwa sababu hazirudii kitu: siku ya kwanza mafunjo, mchana unasafiri, usiku unalala msituni. Menengai na Dunga nazo zinawezekana, lakini kati ya Nakuru na Kisumu kuna kama kilomita 180, na malori ya mlimani hayana haraka. Usipange kuangalia jua likitoka Nakuru na kupanda boti Dunga siku hiyo hiyo. Utafika ziwa limeshachafuka, na mwenye boti mwaminifu atakuambia urudi kesho.